Kwa Nini Muuguzi Ampite Mgonjwa Wako?

Ndugu msomaji, miongoni mwa malalamiko yanayosikika sana barazani pindi jamaa watokapo kumzuru mgonjwa ni hili: "Sisi tulitangulia, lakini muuguzi alitupita akaenda kwa mwingine." Wako wanaodhani ni upendeleo, na wako waliokwisha kurushiana maneno na wauguzi mbele ya wagonjwa. Juma hili tuitazame mizani anayoitumia muuguzi, kwani kuijua hupunguza ghadhabu, na pengine huokoa roho.

Tuchukue mfano. Ni usiku katika wodi ya watu wazima. Muuguzi ni mmoja, na wagonjwa wanne wanamhitaji kwa wakati mmoja. Wa kwanza amevunjika mguu, umefungwa plasta, naye analia kwa maumivu. Wa pili dripu yake ya maji imekwisha. Wa tatu anataka kujua iwapo kesho ataruhusiwa. Wa nne ni mzee mwenye nimonia. Tangu Magharibi amenyamaza, na wanawe wanashukuru kwamba hatimaye amepata usingizi.

Muuguzi anayeijua kazi yake humwendea mzee kwanza. Wodini hakufuatwi foleni, hufuatwa hatari: kwanza njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika. Muuguzi akihesabu kwa yule mzee akapata 28, na akimwamsha akamkuta hajui yuko wapi, basi ule haukuwa usingizi. Huenda ubongo unakosa oksijeni, au maambukizi yameenea mwilini. Anayelia, kwa kilio chake, amekwisha kuonyesha kwamba hewa inapita na fahamu anazo. Aliyenyamaza hajaonyesha lolote.

Dalili hii si ndogo. Nchini Uingereza, Royal College of Physicians ilitoa mwaka 2012 utaratibu wa kuyapa alama mapigo ya moyo, upumuaji, oksijeni, shinikizo la damu, joto na fahamu, ili mgonjwa anayezidiwa atambuliwe mapema. Uliporekebishwa mwaka 2017, kuchanganyikiwa kulikoanza upya kuliongezwa miongoni mwa dalili zinazopewa alama ya juu.

Hata hivyo, kanuni peke yake haitoshi. Ndipo inapohitajika busara ya muuguzi. Maumivu ya mfupa uliovunjika yanatarajiwa, na kwa kawaida hupungua kwa dawa. Lakini yakizidi licha ya dawa, vidole vya mguu vikafa ganzi au vikawa baridi, huenda shinikizo ndani ya mguu linazuia damu, na kuchelewa kwaweza kumgharimu mgonjwa kiungo chake. Hapo yule wa plasta naye hawezi kusubiri. Kwa hiyo muuguzi hujiuliza daima: Ni lipi jipya? Ni lipi halikutarajiwa?

Na maswali hayo, ndugu msomaji, aghalabu mwenye majibu ni wewe unayeuguza. Muuguzi amemjua mzee wako kwa siku mbili. Wewe umemjua umri wako wote. Basi usiseme tu "hali yake mbaya." Sema: "Mchana alinitambua, tangu Alasiri ananiita kwa jina la marehemu kaka yake." Mwenye kisukari akichomwa insulini kisha asile, halafu akatoka jasho, akatetemeka na kuweweseka, toa taarifa papo hapo, kwani huenda sukari imeshuka. Kama amekunywa dawa ya mitishamba, au amefunga, usifiche kwa kuona haya. Na asiye na fahamu kamili msimnyweshe uji wala maji kwa huruma. Vyaweza kuingia mapafuni.

Je, kila kuchelewa ni hekima? La hasha. Uzembe upo, na familia ina haki ya kuuliza. Ikiwa umeeleza kwamba mgonjwa anapumua kwa shida au fahamu zimebadilika, na hakuna aliyekuja kumtazama, nenda mara moja kwa kiongozi wa zamu au kwa daktari wa zamu, ueleze badiliko lenyewe na saa lilipoanza. Maelezo ya namna hiyo husikilizwa upesi kuliko matusi.

Familia nazo zimteue msemaji mmoja. Jamaa kumi wakiuliza swali moja kwa zamu, dakika wanazozitwaa huenda ndizo alizohitaji mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyenyamaza na asiye na ndugu wa kumsemea. Ukimwona wa namna hiyo anapumua vibaya, mwite muuguzi kwa ajili yake kama ambavyo ungemwita kwa ajili ya baba yako.