Chujio la Samaki Halioshwi Likatakata

Ndugu msomaji, leo nakuomba unifuate sebuleni kwangu, uketi kwenye kochi linaloelekea dirisha, ulitazame tangi la kioo lenye maji lita 400. Ndani yake mna samaki sita wa Ziwa Tanganyika, wale wenye mistari myeusi ubavuni na nundu katika paji la uso, ambao wafugaji huwaita frontosa. Hapo zamani walikuwa kumi na mmoja. Habari za hao watano waliopungua ndizo zilizonifanya nishike kalamu juma hili, maana hawakufa kwa maradhi wala kwa njaa. Waliuawa na usafi, na aliyelaumiwa kwa vifo vyao hakuwa na hatia.

Chini ya tangi, ndani ya kabati, umekaa mtungi mweusi wa plastiki usiopungua ukubwa wa ndoo ya lita kumi. Kutoka kifunikoni mwake inapanda mipira miwili. Mmoja huteremsha maji ya tangi mpaka mtungini, na wa pili huyarudisha juu. Hilo ndilo chujio la nje, ambalo wafugaji wa samaki wa mapambo wamelitumia kwa zaidi ya miaka sitini sasa. Kampuni ya Kijerumani iitwayo Eheim ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wake wa mwanzo, katika miaka ya 1960.

Utendaji wake ni mwepesi kuuelewa kwa yeyote aliyepata kuona mafuta ya taa yakitolewa ndani ya pipa kwa mpira. Maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, huujaza mtungi, hupita katika matabaka ya sponji na vipande vya udongo wa kuchoma, kisha pampu ndogo iliyo kifunikoni huyasukuma kurudi juu. Wengi hustaajabu kwamba pampu ya wati 25 tu inaweza kuinua maji mengi kiasi hicho. Siri ni kwamba haiyainui peke yake. Fikiria ndoo mbili za kisimani zilizofungwa katika ncha mbili za kamba moja inayopita kwenye gurudumu: ile inayoshuka humsaidia anayevuta inayopanda. Maji yanayoshuka mtungini hufanya kazi ya ndoo ya kwanza. Ndiyo sababu hewa ikiingia mipirani mambo yote huharibika, kwa kuwa kamba hiyo ya maji imekatika.

Lakini hayo ni mambo ya mafundi. Linalotuhusu zaidi ni hili: chujio linachuja nini? Mtu akilisikia neno hilo hufikiria kile cha chai, au kifumbu cha kukamulia tui, yaani kitu cha kuzuia machicha. Ni kweli kwamba sponji huzuia kinyesi na mabaki ya chakula. Hata hivyo, hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi yake. Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutokea katika matamvua, ikayeyuka majini wala isionekane kwa jicho. Haina rangi ya kuonywa nayo. Tangi laweza kuwa na maji maangavu kama ya chemchemi huku samaki waliomo wanakufa.

Walinzi wetu dhidi ya sumu hiyo ni bakteria. Mnamo miaka ya 1890 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, kwa sababu huifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni. Nitrati ndiyo yenye nafuu, na huondolewa kwa kubadilisha maji. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wapo hata bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaoifanya kazi yote miwili peke yao. Viumbe hao hawaelei ovyo majini. Hushikamana na kila pahali penye uso wa kushikia, na ndiyo maana vipande vya chujio hutengenezwa vikiwa na vitundu vingi. Mtungi ule mweusi, ndugu msomaji, ni nyumba yao.

Na kwa samaki wa Kigoma jambo hili ni zito kuliko kwa samaki wengine. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, na sisi tunaowafuga samaki wake hatuna budi kuyafanya maji ya tangi yafanane na hayo. Sasa sikiliza. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya kuua haifiki hata 1 kwa 100. Katika pH 9 hupita thuluthi nzima. Kosa ambalo samaki wa mito yenye maji laini angelistahimili kwa siku kadhaa, humwangusha samaki wa Tanganyika kati ya asubuhi na jioni.

Haya yote sikuyajua nilipoanza. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, naye ndiye aliyewapenda samaki wale kuliko sote nyumbani. Aliwajua mmoja mmoja kwa mistari yao. Jumamosi moja maji yalikuwa yakirudi kwa udhaifu, nikamwita, nikamwambia aufungue mtungi auoshe. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi utotoni juu ya kuosha masufuria: sugua mpaka maji yatoke meupe. Akatii. Alikaa bombani uani karibu saa nzima, akaikamua kila sponji, akavisugua vile vipande vya udongo kimoja kimoja kwa mswaki mkuukuu, akavianika juani kwenye ungo. Jioni akavirudisha ving'aavyo kama vya dukani. Nilimsifu mbele ya wageni.

Jumatatu samaki walikataa kula. Jumanne walipanda juu, wakawa wanahema kwenye uso wa maji, na matamvua yao yamewiva. Kufika Alhamisi watano walikuwa wamekufa, na yule dume mkubwa alikuwa miongoni mwao. Nami, badala ya kuuliza, nikahukumu. Nikamwambia mtoto kwamba ametia sabuni. Akasema, "Baba, sikutia sabuni. Wallahi sikutia." Nikasema sabuni tu ndiyo inayoweza kuua hivi. Mama yake alijaribu kuingilia, nikamnyamazisha. Tangu siku ile binti yule hakulisogelea tangi tena. Akipita sebuleni hutazama upande wa ukutani.

Ilipita zaidi ya miezi minne. Siku moja alinitembelea mzee wa mtaa wa pili, fundi redio mstaafu aliyefuga samaki tangu ujana wake. Nikamsimulia. Hakuniuliza habari za sabuni hata kidogo. Aliuliza, "Mliosha kwa maji gani?" Nikamjibu kwamba kwa maji ya bomba. "Vyote siku moja?" Ndiyo, vyote. "Na kuanika?" Ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema, "Bwana mdogo, mliwafukuza wenye nyumba." Kisha akanieleza kwamba klorini iliyomo katika maji ya bomba imewekwa humo makusudi ili iwaue bakteria, wala haiwezi kubagua walio wabaya na walio wema, na kwamba waliosalimika na klorini walimalizwa na jua. Usiku ule nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, kwa kuwa nilimshutumu mbele ya mama yake. Alilia tena. Mzazi anayedhani kwamba kumwomba mtoto radhi kunamshushia heshima, na ajaribu kwanza kukaa miezi minne na mtoto anayetazama ukutani.

Basi turejee kwenye mtungi. Ukinunua chujio, usiidanganyikie hesabu iliyoandikwa juu ya boksi. Kawaida yetu ni kutafuta pampu inayoweza kuyazungusha maji yote ya tangi mara nne kwa saa. Lakini kipimo cha boksi hupatikana mtungi ukiwa mtupu, bila sponji wala kinyesi, hivyo chukua lenye nguvu kidogo zaidi. Tazama pia umeme wake. Vyombo vilivyotoka Marekani hutumia volti 120, na vya kwetu ni 230. Ukikichomeka hicho moja kwa moja, utanunua kingine kesho. Kuhusu gharama, wati 25 zikiwaka usiku na mchana hula yuniti 18 kwa mwezi, na chujio halizimwi usiku kama taa.

Mtungi na ukae chini kuliko tangi. Waya wa umeme uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji likiufuata lidondokee sakafuni badala ya kuingia penye umeme. Katika kupanga matabaka, chunguza kwanza maji yanaingilia wapi, kwa kuwa mitungi haifanani. Kule yanakoingilia weka vitu vigumu na sponji yenye matundu makubwa, vizuie uchafu mnene. Baada ya hapo vipande vya udongo. Mwisho kabisa pamba nyembamba. Raba ya duara iliyo kwenye kifuniko uipake mafuta ya silikoni kidogo. Grisi ya gari usiiguse, kwani huziharibu raba za aina fulani, na raba ikilegea utaamka usiku na kukanyaga ziwa. Ujaze mtungi maji kwanza, ndipo uwashe. Ukisikia inakoroma, ni hewa. Uinamishe mtungi huku na huku mpaka imalizike.

Baada ya hapo yapasa kungoja, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Bakteria huchukua kiasi cha majuma manne hadi sita kujijenga. Anayetaka kuharakisha aombe kipande cha sponji chafu kwa rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wenye afya, akiweke ndani ya mtungi wake, kama vile mama anavyotia mtindi wa jana katika maziwa ya leo ili yagande. Kipande hicho kisafirishwe kikiwa kimelowa, tena siku hiyohiyo.

Sasa kuosha. Mimi hufungua mtungi wangu kila baada ya majuma sita au manane, au mapema zaidi nionapo maji yanarudi kwa uvivu. Nazima umeme, nafunga koki zote mbili, nachomoa mipira. Huteka ndoo ya maji ya tangi lenyewe, na katika maji hayo huzikamua sponji mara mbili tatu mpaka zianze kupitisha maji. Zikibaki na rangi ya kahawia, naziacha nayo. Vipande vya udongo huvitikisa tu. Nikiosha sponji leo, udongo sigusi mpaka mwezi ujao. Pamba pekee ndiyo hutupa na kuweka mpya. Kitu ninachosugua kwa nguvu zote ni kile kipangaboi kidogo cha pampu na tundu lake, kwa sababu utelezi unaojikusanya humo hupunguza kasi ya maji. Na mipira nayo, kwa brashi ndefu. Maji ya kuongeza tangini huyaweka ndoo wazi kwa siku moja au zaidi, ili klorini iondoke.

Lipo jambo moja tena, nalo ni umeme kukatika. Katika mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nilijifunza kwamba hatari yenyewe huja umeme unaporudi. Maji ya nyuzi 27 hubeba kiasi cha miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Pampu ikisimama, bakteria waliofungiwa mtungini huimaliza upesi, huanza kufa, na maji yaliyotuama huoza. Umeme ukirudi usiku wa manane, pampu huusukuma uozo huo wote juu kwa samaki waliolala. Kwa hiyo nyumbani kwangu umeme ukizimika, plagi huchomolewa palepale. Ukikawia kupita saa moja, mtungi hufunguliwa, na matabaka huwekwa katika beseni lenye maji ya tangi na kipampu cha hewa kinachotumia betri. Kama umekukuta haupo nyumbani, usiwashe kwanza: mwaga maji ya mtungini, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uanze upya. Samaki wasilishwe siku hiyo. Samaki mzima mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila kula, na wala hatakulaumu.

Kazi ya kuchomoa plagi hiyo, na ya kuufungua mtungi, ni ya binti yangu. Yuko chuoni sasa, lakini umeme ukikatika mtaani kwetu naye akapata habari, hupiga simu kabla sijapata mshumaa. "Shikamoo baba. Umechomoa?"

Jumapili ijayo tutazungumza juu ya kupima magadi ya maji ya visima vyetu hapa pwani, ambayo wengi wenu mmeyaulizia.