Mbu wa kejani tunawafuga wenyewe

Mvua ikipiga Nairobi wiki mbili mfululizo, mambo mawili hayakosi: nauli ya matatu kupanda na mbu kuingia kejani. Kwa nauli tunapiga kelele. Kwa mbu tunapiga makofi gizani, tunawasha koili, tunalala. Asubuhi mtu anaenda kazini miguu imejaa vipele, na bado hajajiuliza hao mbu wametoka wapi.

Wengi hawakutoka mbali. Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotulia, na kukiwa na joto, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mtungi usio na kifuniko kwenye korido, tairi kuukuu nyuma ya ploti, karai lililosahauliwa juu ya paa, mtaro ulioziba kwa takataka: humo ndimo wanamozaliwa.

Anayeuma ni jike pekee, kwa sababu anahitaji protini ya damu ili mayai yakomae. Anakufuata kwa hewa unayotoa ukipumua, harufu ya jasho na joto la mwili, ndiyo maana hata ukizima taa atakupata. Akidunga, anaacha mate yanayozuia damu kuganda. Mwili unayaona mate hayo kama adui, unatoa histamini, ngozi inavimba na kuwasha. Ukiona beste yako amevimba kuliko wewe, huenda mmeumwa sawa, ni mwili wake tu unaopambana zaidi.

Ukishaumwa, usijikune. Kucha chafu hugeuza kipele kuwa kidonda. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa baridi au barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10. Losheni ya kalamini inapatikana kemisti. Kuwasha kukizidi, muulize mfamasia dawa ya aleji. Kipele kikitoa usaha, nenda kliniki.

Lakini kujikuna ndiyo shida ndogo. Mombasa ilikumbwa na chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, na homa ya dengue imerudi huko mara kadhaa. Zote huenezwa na Aedes, mbu anayeuma mchana wakati neti yako imekunjwa. Tena mwaka wa 2022, Anopheles stephensi aligunduliwa Marsabit. Huyu ni mbu wa malaria mwenye asili ya Asia, na anapenda kuzaana mjini, ndani ya matangi, mapipa na mitungi. Wasee wa Nairobi tumezoea kusema malaria ni ya ushago. Huyu akifika hapa, maneno hayo yataisha. Kwa hivyo ukipata homa, hasa ukiwa umetoka safari ya Kisumu, Busia au Pwani, usimeze dawa kwa kubahatisha. Pimwa kwanza.

Simlaumu mpangaji kwa kuweka mitungi. Tunahifadhi maji kwa sababu mfereji unakauka siku nyingi za wiki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi. Kaunti inayongoja mafuriko ndipo izibue mitaro, na landilodi anayepandisha kodi lakini hataki kuweka wavu dirishani, lazima waulizwe.

Tukiendelea kuwauliza, mtungi nao haungoji. Ufunike vizuri. Mara moja kwa wiki umwage na kuusugua kuta za ndani, kwa sababu mayai ya Aedes hunata hapo, na kuosha juujuu hakuyatoi. Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Jioni vaa nguo za mikono mirefu au jipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET. Feni pia inasaidia, maana mbu hawezi kushindana na upepo. Koili ndani ya bedsita iliyofungwa dirisha ni moshi unaouvuta usiku kucha, na doo unayochoma kila mwezi ingetosha kununua neti.

Ila ukifunika mtungi wako na jirani aache wake wazi, mtaumwa wote. Kwenye grupu la WhatsApp la ploti tunajadili tokeni na takataka kila siku. Leo andika kuhusu mitungi na ule mtaro, na umweke landilodi humo pia.