Tujipange Kabla Nyoka Hajauma

Nyoka akionekana uani, mtaa mzima hutoka. Mwenye panga huja na panga, mwenye jiwe na jiwe, na asiye na kitu huja na sauti yake. Hakuna anayeuliza jirani ni wa kabila gani au wa chama gani. Kazi inafanyika na inakwisha. Lakini akishagongwa mtu, umoja ule unatawanyika. Mmoja anafunga kamba juu ya jeraha, mwingine anatafuta wembe, wa tatu amekwenda kumwita mganga, na hapana ajuaye ni kituo gani cha afya chenye dawa wala pikipiki ya nani ina mafuta usiku ule. Ombi langu kwenu, wananchi wenzangu wa Tanzania, Kenya na popote tunapoishi karibu na nyoka, ni kwamba nguvu ile ya dakika kumi tuigeuze kuwa mpango wa mwaka mzima. Woga wetu una haki yake. Kosa ni kwamba tumeuelekeza wote kwa nyoka, hata hatuoni kuwa wengi wa ndugu zetu wanaokufa huuawa na kuchelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 hung'atwa na nyoka, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaobaki na kilema cha kudumu, pamoja na waliokatwa viungo, ni karibu mara tatu ya hao. Afrika peke yake ina majeraha 435,000 hadi 580,000 kwa mwaka yanayohitaji matibabu. Hata hivyo ilikuwa mwaka 2017 ndipo shirika hilo lilipoiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na vilema kwa nusu ifikapo 2030. Sababu ya kusahauliwa haijifichi. Anayegongwa ni mkulima aliyeinama shambani, mchungaji, mama aliyekwenda kuokota kuni, mtoto anayetembea pekupeku. Wengi hufia nyumbani, na aliyefia nyumbani haingii katika daftari la hospitali. Nchini India, watafiti walipowafuata wafiwa majumbani kuwauliza marehemu wao walikufa kwa nini, walikadiria vifo 58,000 kwa mwaka kati ya 2000 na 2019. Msiba usiohesabika haupangiwi bajeti, na hapo ndipo sauti ya wananchi inapohitajika kwanza.

Tuanze basi na kumjua huyu tunayemwogopa. Kenya ina aina zaidi ya 100 za nyoka, na wale wenye uwezo wa kumuua mtu hawafiki robo yao. Tena hao wenye sumu kali hawafanani kwa tabia. Moma, ambaye wengine humwita kifutu au bafe, ni mnene na mzito. Ukimkaribia hakimbii, bali hutulia akitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, na ndiyo maana hukanyagwa njiani usiku. Koboko ana sumu inayoshika mishipa ya fahamu na kuzima pumzi, lakini akisikia mtu akija, mara nyingi hutafuta shimo au kichuguu cha kujificha. Swila hutema sumu machoni. Dawa ya kwanza ni kuosha macho kwa maji mengi safi, bila kuyasugua, kisha kwenda hospitali. Swila huingia pia ndani ya nyumba akifuata panya, na kusini mwa Afrika kuna jamaa yake anayejulikana kwa kuwauma watu waliolala. Ukiyajua haya, kinga inajitokeza yenyewe: tochi mkononi usiku hata kama ni kwenda chooni tu, viatu vya kufunika mguu shambani, fimbo ya kutikisa majani kabla ya kuingiza mkono, uwanja uliofyekwa, kuni zilizopangwa mbali na ukuta. Chandarua nacho kimo. Utafiti uliofanywa kusini mashariki mwa Nepal ulionyesha kwamba wanaolala ndani ya chandarua hugongwa mara chache zaidi kuliko wasiokitumia, na sisi vyandarua tumeshagawiwa kwa ajili ya malaria. Kukichomeka vizuri chini ya godoro hakuongezi gharama hata shilingi moja.

Wapo watakaosema: maneno ya nini yote haya, tuwaue wote yaishe. Swila aliyeingia chumba wanamolala watoto, hakuna mwenye akili atakayekulaumu kwa kumuua ikiwa hakuna njia nyingine salama ya kumtoa. Lakini kuua kila nyoka aonekanaye hakujapunguza vifo vyetu, na haishangazi. Anayemfuata nyoka kwa rungu anajisogeza mahali ambapo meno yanamfikia. Wapo wanaogongwa katika mapambano hayohayo ambayo wangeyaepuka kwa kurudi nyuma hatua chache. Isitoshe, wengi wa wanaouawa ni wale wasio na sumu ya kumdhuru mtu, na kazi yao kubwa ni kula panya. Watafiti wa mazao nchini Tanzania wamekadiria kwamba panya huharibu asilimia 5 hadi 15 ya mahindi kwa mwaka, na watu wa Lushoto, walioteswa na tauni kwa zaidi ya miaka ishirini tangu 1980, hawahitaji kufundishwa viroboto wa panya huleta nini. Tukimwondoa mla panya huku makombo na nafaka vikiendelea kumwagika uani, panya wataongezeka, na panya ndio wanaomwita swila ndani.

Hoja nzito zaidi ni ya mganga. Watu wanasema, na wanasema kweli, kwamba fulani alipelekwa kwa mganga, akawekewa jiwe jeusi au dawa ya mizizi, akapona. Zitazameni tena takwimu nilizozitaja. Katika watu milioni 5.4 wanaong'atwa, nusu au zaidi hawaingiwi na sumu kabisa, ama kwa sababu nyoka hana sumu, ama kwa sababu aliuma bila kuimwaga. Hao watapona hata wasipopewa kitu, na sifa atapewa aliyekuwa karibu. Kipimo cha tiba ni yule mwingine, aliyeingiwa na sumu kwelikweli, na kwake jiwe halinyonyi kitu, kuchanja kwa wembe huongeza damu kumtoka, na kamba ya kubana huweza kuua mguu ambao ungepona. Hata hivyo simwombi mtu yeyote awafukuze waganga. Wao ndio wanaofikiwa kwanza, na wengi wao wana elimu ya kweli kuhusu nyoka. Wasukuma wa chama cha Bayeye wamewashika nyoka na kucheza nao kwa vizazi, jambo lisilowezekana bila kuzijua tabia zao. Tuwaite kwenye mkutano, tukubaliane nao kwamba mgonjwa anayefika na jicho linalofumba lenyewe, ulimi mzito, mguu unaovimba kwa kasi au fizi zinazotoka damu asikae kwao hata dakika moja. Mganga atakayekuwa wa kwanza kusema "mpelekeni hospitali" ataokoa watu wengi kuliko bango lolote la wizara.

Na njiani? Hapa Nepal inatupa somo ambalo sisi tuna kila kitu cha kulitekeleza. Katika vijiji vya kusini mashariki mwa nchi hiyo, watu wenye pikipiki walijitolea kuwakimbiza waliogongwa hadi kwenye kituo chenye dawa, mgonjwa akikaa katikati, mbele yake dereva na nyuma yake mtu wa kumshikilia. Pamoja na usafiri huo, wanakijiji walifundishwa cha kufanya na cha kuacha. Kabla ya mpango, katika kila watu 1,000 waliogongwa walikufa 105. Baada yake walikufa 5. Hakikuletwa chombo chochote kigeni wala kugunduliwa dawa mpya. Sisi bodaboda ziko hadi vijiji ambavyo gari la wagonjwa halijawahi kufika. Kinachokosekana ni makubaliano: madereva gani wako zamu usiku, nani analipa mafuta, namba zao zimebandikwa wapi. Na kwa kuwa kubeba mshikaki ni kosa barabarani, viongozi wa kijiji wazungumze na polisi mapema, ili mgonjwa asisimamishwe akihojiwa wakati sumu inapanda.

Safari hiyo lakini haina maana kama inaishia kwenye kabati tupu. Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijenge kinga, na ni ghali; mgonjwa mmoja aghalabu huhitaji zaidi ya chupa moja. Wanaoihitaji ni maskini waliotawanyika, kwa hiyo soko lake ni dhaifu. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza FAV-Afrique, mojawapo ya dawa bora zilizotumika barani kwetu, mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda Juni 2016. Atakayesema kwamba huu ni wajibu wa serikali amesema sawa, nami sitaki michango ya wanakijiji igeuke kisingizio cha serikali kujivua mzigo. Ila serikali hununua inachodaiwa. Zahanati isiyoandika waliogongwa haiwezi kuagiza dawa, na halmashauri isiyoulizwa swali hilo kikaoni haitaliweka kwenye bajeti.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, au baraza la chifu kwa wenzetu wa Kenya, naomba mtu mmoja asimame aulize: ni kituo gani cha karibu chenye dawa hiyo leo, na mhudumu aliyefundishwa kuitoa na kumhudumia mgonjwa ikimletea mzio? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Kama kituo hakipo, barua iende kwa mganga mkuu wa wilaya, au serikali ya kaunti, ikiwa na idadi ya waliogongwa kijijini miaka ya karibuni, wakiwemo waliofia nyumbani. Kisha zamu ya bodaboda ipangwe palepale, kabla watu hawajatawanyika, na walimu wa shule ya msingi wapewe kazi ya kuwafundisha watoto kurudi nyuma wakimwona nyoka, kumwita mtu mzima, na yeyote akigongwa, kumlaza bila kumtembeza, kumvua pete na bangili, na kuita pikipiki.