Bamia Haisubiri, Pojo Husubiri



Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi, akishaipita Mtito Andei, hufika Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Nchi ile ni kavu, ila palipo na maji ya mto na mifereji pana mashamba ya bamia, karela na pilipili. Mboga hizo twazijua vyema jikoni mwetu, lakini nyingi hazikulimwa kwa ajili yetu. Huchumwa, huchaguliwa, hupangwa katika makasha, kisha hupelekwa Nairobi kupanda ndege kwenda Uingereza na nchi nyingine za Ulaya.

Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Huku kwetu wengi tuliona hayo ni mambo yao wenyewe. Kumbe mzizi wa jambo lile ulifika hadi Kibwezi.

Kwa miaka mingi mazao ya Kenya yaliingia Uingereza bila ushuru kwa sababu ya mipango yetu na Umoja wa Ulaya wote, si na Uingereza peke yake. Ni kama jungu la ukoo: mmoja akijitenga na jiko lake, mgeni aliyezoea kula pale hana budi kubisha hodi katika mlango wa pili.

Na hodi hiyo ilikuwa nzito kwa Kenya kuliko kwa majirani zake. Tanzania na Uganda huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo madogo zaidi, nazo husamehewa ushuru pasipo mkataba maalumu. Kenya haimo katika orodha hiyo. Bila mkataba, mboga ya Kibwezi ingetozwa ushuru, na ya jirani ingepita bure. Adhabu hiyo tulikwisha kuionja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, kwa karibu miezi mitatu, baadhi ya bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru Ulaya kwa kuwa mazungumzo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalichelewa.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, ikawa na muda wa mpito hadi tarehe 31 Desemba. Kenya ilitia saini mkataba wake na Uingereza mjini London tarehe 8 Desemba, zikiwa zimebaki siku 23 tu. Bunge letu liliuridhia Machi 2021. Mlango ukapatikana upya, lakini si bure. Kenya nayo imekubali kuzifungulia bidhaa za Uingereza soko lake kwa hatua, katika muda wa miaka 25. Ndani ya Jumuiya yetu nako kulizuka maswali: iweje mmoja afunge mkataba peke yake, hali ushuru wetu wa forodha ni wa pamoja? Na mzigo uliokuwa ukishuka Uholanzi, kisha ukavuka hadi Uingereza kama mtu atokaye ukumbini kwenda chumbani, sasa unavuka mpaka wa forodha.

Basi katika miaka minne na nusu ya shaka ile, ni nani aliyebeba uzito wa kungoja? Mawaziri huweza kuahirisha kikao. Mwenye shamba la bamia hawezi. Bamia huanza kuchumwa baada ya takriban miezi miwili, na tangu hapo humtaka mchumaji kila baada ya siku moja au mbili. Ikiachwa juu ya mti hukomaa, ikawa nyuzi tupu, na hakuna mnunuzi wa nje atakayeitazama. Na mwanamke anayechuma kwa ujira wa siku, siku mzigo usipotakiwa, hurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa uvuke Mto Athi, uishike barabara ya Mutomo hadi Kitui. Zao mashuhuri la huko ni ndengu, ambazo sisi wa Pwani twaziita pojo. Hulimwa kwa mvua, hukaushwa juani, hupurwa, hutiwa magunia. Zikihifadhiwa vyema zisiingie fukusi, hukaa miezi. Pojo haiulizi ndege yaondoka saa ngapi. Bei ikiwa mbaya leo, gunia laweza kulala stoo.

Lakini tusimsifu anayesubiri tukamsahau asiyeweza kusubiri. Ndengu zinapovunwa, kila mtu huuza, na bei hushuka. Mama mwenye karo ya mtoto mkononi huliuza gunia lake siku ile ile kwa bei atakayotajiwa. Gunia lina uwezo wa kungoja, yeye hana. Ndiyo maana ghala la pamoja na chama cha akiba cha wanawake vina thamani kubwa: humnunulia mama muda.

Hata Makueni yenyewe imelifahamu hilo kwa upande wa maembe. Embe bivu nalo halisubiri. Kiwanda cha kaunti kilichoanzishwa Kalamba mwaka 2017 hulisaga embe likawa rojo la kuhifadhiwa, na tunda ambalo lingeoza chini ya mti likapata muda wa kumtafuta mnunuzi.

Sisemi bamia iachwe. Bamia huleta fedha upesi, na fedha ya upesi ndiyo inunuayo unga na dawa. Nasema nyumba isisimame juu ya bamia peke yake. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa wakilizungumzia ghala kabla ya benki.

Nasi wa Pwani tujitazame. Kuna anayemuuzia samaki mnunuzi mmoja wa hoteli, kuna anayepika maandazi ya shule moja, kuna nyumba inayotegemea hawala ya mtoto aliye Ughaibuni. Hakuna atakayetuita kupiga kura siku mmoja wao atakapoamua kutoka. Jioni moja ya wiki hii, baada ya chakula, ulizaneni na watu wa nyumbani: akiondoka huyu tunayemtegemea, tuna nini kiwezacho kusubiri?