Hesabu za kupikwa zilivyoitoa Toshiba jikoni

MNUNUZI anayekuta friji au mashine ya kufulia yenye jina la Toshiba katika duka la vifaa vya umeme anaweza kudhani ananunua kitu cha Wajapani wale wale waliomuuzia baba yake redio na feni. Sivyo. Tangu Juni 2016, asilimia 80.1 ya biashara ya vifaa vya nyumbani ya Toshiba ni mali ya Midea, kampuni ya China, ambayo ilipewa pia haki ya kulitumia jina hilo kwa miaka 40. Televisheni zilikwenda kwa Hisense, nayo ya China, mwaka 2018. Kompyuta zilinunuliwa mwaka huo huo na Sharp, ambayo yenyewe ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Foxconn ya Taiwan miaka miwili kabla.

Maelezo ambayo hutolewa haraka ni kwamba Mjapani ameshindwa bei na Mchina. Yana ukweli ndani yake. Sanyo, iliyokuwa na jina kubwa katika nyumba za Afrika Mashariki, ilimezwa na Panasonic, na biashara yake ya mashine za kufulia na mafriji ikauzwa kwa Haier ya China. Hata hivyo, kwa Toshiba maelezo hayo hayatoshi. Kampuni hii haikuuza jiko lake kwa sababu wali umekosa walaji. Iliuza kwa sababu ilikuwa na shimo katika vitabu vyake vya hesabu, na shimo hilo lilichimbwa na wakubwa wake wenyewe.

Toshiba si kampuni ya jana. Mizizi yake inafika mwaka 1875, na ndiyo iliyoipatia Japani mashine ya kwanza ya umeme ya kufulia na friji ya kwanza iliyotengenezwa nchini humo, zote mwaka 1930. Mwaka 1955 ilianza kuuza sufuria ya umeme ya kupikia wali inayojizima yenyewe. Habari ya sufuria hiyo inafaa kukumbukwa na kila fundi mwenye karakana ndogo. Aliyeibuni hakuwa mhandisi wa makao makuu. Alikuwa Yoshitada Minami, mwenye kiwanda kidogo kilichokuwa kikiitengenezea Toshiba vifaa, na mkewe Fumiko ndiye aliyepika sufuria baada ya sufuria, kwa miaka, katika joto na katika baridi, akiandika ni lini wali umeiva na ni lini umeungua. Siri ilikuwa sufuria mbili, moja ndani ya nyingine: maji ya sufuria ya nje yakikauka, joto linapanda na swichi inakatika. Hakuna aliyemwambia mama huyo aandike kwamba wali umeiva wakati bado mbichi.

Miaka hamsini baadaye, huko juu katika ofisi za Tokyo, hilo ndilo lililokuwa likitakiwa.

Kampuni ilikuwa na desturi moja. Kila mwezi wakuu wa vitengo waliitwa mbele ya rais wa kampuni kueleza mapato yao, naye akawapangia kiasi cha faida cha kuongeza. Kiasi hicho kiliitwa "chalenji". Neno lenyewe si baya, na meneja yeyote huwapangia watu wake malengo. Lakini baada ya msukosuko wa fedha wa dunia wa mwaka 2008 mauzo yalishuka na chalenji zikapanda. Mfano ulioandikwa sana ni wa Septemba 2012. Zikiwa zimebaki siku tatu tu kufunga hesabu za nusu mwaka, rais wa wakati huo, Norio Sasaki, alikitaka kitengo cha kompyuta kiongeze faida ya yen bilioni 12. Kwa siku tatu hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza na kuuza kompyuta za kuleta faida ya namna hiyo. Kinachoweza kutengenezwa kwa siku tatu ni karatasi.

Namna karatasi hizo zilivyotengenezwa itaeleweka vizuri kwa mfano wa mahindi.

Chukua mfanyabiashara aliyenunua gunia 100 za mahindi kwa shilingi 50,000 kila moja. Anazipeleka mashineni kusagwa. Hataki mwenye mashine ajue bei aliyonunulia, kwa kuwa mwenye mashine huyo anawasagia na washindani wake. Basi anaandika kwamba amemuuzia kila gunia kwa shilingi 250,000, na wanakubaliana kuwa unga ukiwa tayari ataununua wote yeye mwenyewe, kwa bei hiyo hiyo ya 250,000 pamoja na ujira wa kusaga. Mpaka hapo hakuna aliyedhulumiwa. Mahindi yamekwenda, unga utarudi.

Ubaya unaanza jioni, mfanyabiashara anapofungua daftari lake na kuandika: nimeuza gunia 100, faida shilingi milioni 20. Faida ipi? Hakuna mtu aliyenunua unga, wala hakuna ugali ulioliwa. Mwezi unaofuata unga unarudi ukiwa na gharama ya milioni 25 na ujira juu yake, na sokoni haufiki hata karibu na bei hiyo. Hasara inamsubiri mlangoni. Dawa anayoijua ni moja: apeleke gunia 200 mashineni, faida ya karatasi ya mwezi huu ifunike hasara ya mwezi uliopita. Kisha 400. Daftari linanona na stoo ya mwenye mashine inafurika mahindi ambayo hakuna anayeyahitaji.

Ndivyo kitengo cha kompyuta cha Toshiba kilivyofanya. Kilinunua vipuri kwa wingi, kikawauzia viwanda vya nje vilivyokuwa vikiunganisha kompyuta zake kwa bei iliyofika hadi mara tano ya bei ya kununulia, kikaandika tofauti hiyo kuwa faida, na kila robo ya mwaka ilipokaribia kufungwa kilisukuma vipuri vingi kuliko vilivyohitajika. Ilifika mahali, katika miezi ya kufunga robo ya mwaka, faida ya kitengo ikaonekana kubwa kuliko mauzo yake yote. Mchuuzi wa nyanya angeshtuka. Zaidi ya hayo, katika mikataba mikubwa ya ujenzi na mitambo, hasara zilizokuwa zikijulikana zilisogezwa mbele mwaka hata mwaka. Gharama za televisheni nazo ziliahirishwa zisionekane kwa wakati wake.

Uchunguzi ulianza Februari 2015, baada ya taarifa za siri kuifikia tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa. Kamati huru iliyoongozwa na mwendesha mashtaka mstaafu ilitoa ripoti Julai mwaka huo: faida ilikuwa imepambwa kwa yen bilioni 151.8 katika muda wa miaka saba. Kampuni ilipokamilisha masahihisho yake miezi michache baadaye, kiasi kilizidi yen bilioni 220. Rais Hisao Tanaka aliinamisha kichwa mbele ya waandishi wa habari na kujiuzulu Julai 21, 2015. Waliomtangulia katika kiti hicho, Sasaki na Atsutoshi Nishida, waliachia nao vyeo walivyokuwa navyo bado katika kampuni.

Ripoti haikusema kwamba marais waliandika barua ya kuagiza udanganyifu. Haikuwa lazima. Ilisema kuwa katika kampuni ile mdogo hakuweza kukataa matakwa ya mkubwa wake. Mkubwa anataja tarakimu, mkuu wa kitengo anamgeukia meneja, meneja anamgeukia karani, na karani ndiye anayejua itapatikanaje.

Lakini jambo linalouma zaidi ni la wale waliowekwa ili wamtazame mkubwa. Toshiba ilisifiwa kwa utawala bora. Tangu mwaka 2003 ilikuwa na kamati za bodi za kisasa na wakurugenzi kutoka nje, mambo ambayo kampuni nyingi za Japani zilikuwa hazijayafikia. Katika karatasi kila kiti kilikuwa na mtu wake. Mtu mwenyewe ndiyo tatizo. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi alikuwa mkuu wa fedha wa zamani wa kampuni hiyo hiyo, maana yake alikuwa akikagua nyayo zake. Wajumbe wa kutoka nje walikuwa watu wa heshima, lakini ripoti iliona kwamba hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa mambo ya hesabu. Wakaguzi wa nje, kampuni ya Ernst & Young ShinNihon, walipitisha vitabu hivyo mwaka hadi mwaka. Desemba 2015 walitozwa faini ya yen bilioni 2.1.

Mkulima wa korosho au pamba anayesoma habari hii hana hisa Tokyo, lakini anazijua kamati. Chama chake cha msingi kina bodi, SACCOS yake ina kamati ya usimamizi, na kwa Tanzania lipo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Viti vipo. Katika mkutano mkuu mwanachama anasomewa kwamba chama kimepata faida, anapiga makofi, anasubiri chakula cha mchana. Ni wachache wanaosimama kuuliza kama faida hiyo ni fedha iliyoingia benki au ni mazao yaliyoko ghalani yaliyopewa bei na katibu. Ni wachache zaidi wanaouliza kama mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ndiye aliyekuwa mhasibu miaka mitatu iliyopita. Maswali hayo hayahitaji shahada ya uhasibu, na kwa Toshiba yangetosha kuanzia.

Kwa nini basi wakubwa wa Tokyo waliihitaji faida ya karatasi kwa kiasi kile? Sehemu ya jibu iko Marekani. Mwaka 2006 Toshiba iliinunua Westinghouse, kampuni ya mitambo ya nyuklia, kwa dola bilioni 5.4, bei ambayo wengi waliiona kubwa mno. Mwaka 2011 ikatokea ajali ya Fukushima na oda za mitambo ya nyuklia zikakauka duniani. Kukiri kwamba Westinghouse haina tena thamani ile kungekuwa kukiri kwamba viongozi walikosea, na viongozi hao bado walikuwa ndani ya nyumba wakiwa wenyeviti na washauri. Hasara ikasubirishwa. Machi 2017 Westinghouse iliomba kinga ya kufilisika, na hesabu za Toshiba za mwaka huo zikaonyesha hasara ya yen bilioni 965.7.

Hapo ndipo jiko lilipokwenda. Kampuni yenye deni inayotafuta fedha haiuzi kilicho kibovu, kwa kuwa kibovu hakina mnunuzi. Ilianza na mashine za hospitali, zilizokuwa na faida nzuri, zikaenda kwa Canon mwaka 2016 kwa yen bilioni 665.5. Vifaa vya nyumbani, kazi ya zaidi ya miaka 80, vilileta zaidi kidogo ya yen bilioni 50. Kitengo cha vihifadhi kumbukumbu, vile vinavyotumika katika simu na kompyuta, ambavyo Toshiba yenyewe ndiyo iliyovivumbua, kiliuzwa mwaka 2018 kwa yen trilioni 2. Kampuni ambayo mitambo yake imo katika vituo vya umeme wa jotoardhi vya Olkaria nchini Kenya ilikuwa ikiuza vyombo vya ndani ili kulipa madeni ya mlangoni.

Waliolipa kwanza ni wafanyakazi. Desemba 2015 ilitangazwa kuwa nafasi 6,800 zitapunguzwa katika biashara ya vifaa vya watumiaji, watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa katika kikao cha chalenji. Wanahisa waliona thamani ya hisa zao ikiporomoka. Kampuni ilitozwa faini ya yen bilioni 7.37, fedha ambayo nayo ilitoka katika mfuko wa wanahisa hao hao, si wa marais.

Kwa upande wa wakubwa, hakuna aliyefikishwa mbele ya mahakama ya jinai. Nishida alifariki dunia Desemba 2017. Toshiba iliwafungulia viongozi wake watano wa zamani kesi ya madai Novemba 2015, na Machi 2023 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamuru fidia ya takriban yen milioni 300. Ukilinganisha na kiasi kilichotajwa na kamati, ni kama shilingi moja kwa kila shilingi 500 zilizopambwa. Desemba 20 mwaka huo huo, baada ya kununuliwa na kundi la wawekezaji wa Kijapani, hisa za Toshiba ziliondolewa katika Soko la Hisa la Tokyo, zilikokuwa zikiuzwa tangu 1949.