MTOTO ANATAKA UDAKTARI WA MENO? ACHENI KUCHAGUA CHUO KWA TANGAZO

1.
Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea vyuo, na mniwie radhi, nina hasira kidogo.

Binti wa dada yangu kamaliza form six, PCB, anataka kuwa daktari wa meno. Kwenye grupu la familia ni vita. Baba yake mdogo anasema eti meno ni ya waliokosa "udaktari wenyewe". Shangazi katuma tangazo la chuo, lina picha ya bwawa la kuogelea. Mwingine ana "mtu wake" anayepeleka watoto nje, tena haraka, nafasi zinaisha Ijumaa.

Nimesoma meseji zote hadi usiku. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: huko chuoni kuna viti vya meno vingapi, na wagonjwa wanatoka wapi?

2.
Nianze na hilo la "waliokosa udaktari wenyewe". Jamani, sisi watu wa Arusha ndio wa kusema hivyo? Angalia meno yetu. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia, mengine yanamomonyoka. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba serikali ina kituo cha utafiti Ngurdoto kwa ajili ya kuondoa floraidi kwenye maji. Na kumbuka, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza.

Halafu kuna "meno ya plastiki". Kila nesi aliyekaa wodi ya watoto huku anajua ninachosema. Mtoto anaharisha, ana homa, bibi anaona fizi imevimba, anaitwa fundi anachokonoa na kitu chenye ncha kali. Kile alichokitoa ni chonge la mtoto ambalo halijaota. Kuharisha kunabaki palepale, sasa kuna na kidonda na damu iliyopotea. Mimi nimewapokea hao watoto wakiwa wamelegea. Sio wote waliorudi nyumbani.

Kwa hiyo mtu anayejua kinywa cha mtoto sio daktari wa daraja la pili. Huku kwetu tunamhitaji sana. Ila tunamhitaji aliyefundishwa vizuri, na hapo ndo chuo kinapoingia.

3.
Sasa niwaambie kwa nini nina hasira.

Miaka ya nyuma mdogo wangu alitaka kusoma hiyohiyo tiba ya meno, ngazi ya diploma. Wazazi wakauza kiwanja chetu huku Kwa Mrombo. Chuo walikipata kupitia kipeperushi alichowaletea mtu wa kanisani, mtu mzuri tu, na yeye alidanganywa. Chuo chenyewe kilikuwa na usajili, cheti kimetundikwa ukutani ofisini. Lakini kozi ile ya meno haikuwa imeidhinishwa. Usajili wa chuo na idhini ya kozi ni vitu viwili. Alikaa mwaka na nusu akisoma kwenye daftari, kiti cha meno alikiona kwenye picha ya projekta. Siku ukweli ulipojulikana hela haikurudi. Leo ana genge la mboga, anajitahidi, simdharau. Ila akipita mtu amevaa koti jeupe anageuka upande wa pili.

Na mimi nilikuwa nesi tayari. Baba aliniuliza, "Mwanangu, wewe uko huko hospitali, hiki chuo unakionaje?" Nikajibu, "Baba, nyie ndo wazazi, mkiona kinafaa sawa." Nilikuwa na usingizi, nimetoka zamu ya usiku. Kuuliza kungenichukua nusu saa. Ndio maana leo sinyamazi.

4.
Njia ni mbili, zote halali.

Ya kwanza ni shahada, udaktari wa kinywa na meno. Miaka 5 darasani na kliniki, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mtoto awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita. Chuo kikongwe ni MUHAS, pale Muhimbili, Dar es Salaam. UDOM kule Dodoma nacho kinafundisha. Kila mwaka TCU inatoa kitabu cha mwongozo, bure, kwenye tovuti yao. Humo utaona vyuo vya meno ni vichache sana. Angalia pia kuwa alama za chini zilizoandikwa ni za kukuruhusu kuomba, sio za kukuhakikishia nafasi. Wanaoomba ni wengi, viti vichache. Usimjazie mtoto chuo kimoja tu kwa sababu ya jina halafu mkalia Septemba. Na akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja ndani ya muda, la sivyo nafasi inapotea.

Ya pili ni diploma ya tiba ya meno, miaka 3, unaanza na matokeo ya form four yenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Hii iko chini ya NACTVET, nao wana kitabu chao. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha hata diploma za fani kadhaa, na tiba ya meno ilikuwemo. Nasikia mnasema "diploma tu". Mimi ni diploma. Mikono hii ya diploma ndio iliyowapokelea watoto wenu. Na mwenye diploma akifanya vizuri anaweza kurudi kuomba shahada.

5.
Kuhusu nje. Sipingi. Nairobi kuna chuo kikuu kinachofundisha meno, Makerere pia, na watu wamesoma India na kwingine wakarudi wako vizuri. Ninachopinga ni dalali. Dalali analipwa kwa kichwa. Mtoto akikwama mwaka wa pili yeye ameshakula chake.

Kabla ya kutuma hata shilingi, nenda TCU uulize kama chuo hicho kinatambuliwa, na upate kibali chao. Maana mtoto akirudi atakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bila usajili wa Baraza haruhusiwi kumgusa mgonjwa, sheria ya 2017 iko wazi. Baraza halitaangalia bwawa la kuogelea.

6.
Najua mtakachosema: "Nesi, sisi sio wasomi, tutauliza nini?" Mama, wewe ukinunua mbuzi mnadani unamfungua mdomo, unamhesabu meno. Chuo cha milioni kadhaa unakinunua kwa picha?

Uliza haya manne. Kozi hii, sio chuo, imeidhinishwa na nani, nionyeshe kwenye kitabu cha mwaka huu. Viti vya meno vinavyofanya kazi ni vingapi, na wanafunzi wangapi wanagawana kiti kimoja. Wanafunzi wanatibu wagonjwa hospitali gani, kuanzia mwaka wa ngapi. Waliomaliza wako wapi, nipe namba ya mmoja. Wakikuzungusha, chukua daladala urudi nyumbani na hela yako.

Dada yangu nimeshampa majibu yangu: MUHAS na UDOM kwanza, na binti ashike matokeo yake ya form four kwa ajili ya diploma kama ngao, sio kama aibu. Baba yake mdogo kanuna. Anune tu. Yeye mwenyewe jino linamuuma tangu Pasaka, anatafuna upande mmoja.

Mwenye swali aniandikie, nikitoka zamu nitajibu. Ila ukiniuliza "nesi unaonaje", safari hii nakuambia ukweli.