Meza ya Mama: Shimo Lililogeuka Ziwa

Mwezi huu nakuletea habari za baiskeli. Usicheke, wala usikimbilie ukurasa wa mapishi. Kwa miaka mingi nimewashauri akina mama wenzangu, na safari hii nimefundishwa mimi.

Binti wa dada yangu anaishi karibu na Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wamehamia Wakenya wengi na watu wengine wa kwetu. Miaka 3 iliyopita alifiwa na mumewe kwa ugonjwa wa ghafla, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ana miaka 12. Wakati ule nilimwambia kwa simu maneno ambayo wengi wetu huwaambia wajane: "Jikaze, mwanangu. Sahau ya nyuma, utazame mbele." Nilisema kwa nia njema.

Nilipomtembelea mwaka jana, nikaona matunda ya ushauri wangu. Alikuwa amejikaza hadi amekuwa kama jiwe. Jina la marehemu halikutajwa ndani ya nyumba ile. Picha zake zilifungiwa kabatini. Na yule mtoto alikatazwa baiskeli kabisa, kwa kuwa aliyemfundisha kuendesha alikuwa baba yake.

Basi kanisani kwao ikatangazwa safari ya familia kwenda Cuyuna, kilomita 200 hivi kaskazini, mahali panaposifiwa kwa njia za baiskeli za milimani. Mtoto aliomba, mama akakataa. Nikajaribu kumtetea.

"Mama mdogo," akaniambia, "huko kuna vilima na maziwa yenye kina. Mimi ninaye huyu mmoja tu."

Ni mama gani angekuwa na jibu? Nilinyamaza. Siku ya pili akasema tutakwenda, lakini macho yetu yasimwache kijana.

Mama, ungeiona nchi ile ungedhani Mungu aliiumba hivyo tangu mwanzo. Vilima vimefunikwa misonobari na miti yenye magome meupe, na kati ya vilima kuna maziwa yenye maji maangavu. Ila udongo wake ni mwekundu kama wa kwetu, na ukikushika nguoni hautoki kwa sabuni ya siku moja. Wekundu huo ni wa chuma. Maziwa mengi pale yalikuwa mashimo ya migodi, na vilima vingi ni vifusi vilivyotolewa humo.

Chuma kile kiligunduliwa na bwana mmoja aliyeitwa Cuyler Adams. Inasimuliwa kwamba jina Cuyuna lilitokana na jina lake likiunganishwa na la mbwa wake, Una. Chuma kilianza kusafirishwa mwaka 1911, na vita kuu vilipokuja kikahitajiwa sana. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kazi ilikuwa imekwisha. Mashine zilipoondoka na pampu kuzimwa, maji ya ardhini na ya mvua yakajaza mashimo polepole, na miti ikaota juu ya vifusi. Mwaka 1993 serikali ya jimbo ikaitenga sehemu hiyo iwe ya mapumziko. Njia za baiskeli zilifunguliwa mwaka 2011, kilomita 40 hivi, na tangu hapo zimezidi maradufu. Miji midogo ya Crosby na Ironton, iliyokuwa imefifia, ikapata wageni tena.

Mmoja wa wanaojitolea kutunza njia zile alitueleza jinsi zinavyochongwa. Nilidhani njia ya mlimani hupanda moja kwa moja hadi juu. Akasema njia ya namna hiyo haidumu, kwa sababu mvua ikinyesha maji huifuata na kuifanya korongo. Njia njema huzunguka ubavuni mwa kilima. Mwinuko wake hauzidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, na kwa wastani ni mita 1 kwa kila mita 10. Huinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke na kwenda zake. Na theluji inapoyeyuka, njia hufungwa kwanza mpaka udongo ukauke, kwa sababu tairi likipita juu ya udongo uliolowa huacha jeraha la msimu mzima.

"Hatuwezi kuyazuia maji," akasema. "Tunayapa mahali pa kupita."

Nilimwona binti yetu akiinamisha kichwa.

Kila njia ina alama yake. Duara la kijani ni kwa wanaoanza, mraba wa buluu kwa waliozoea, almasi nyeusi kwa mabingwa. Iko pia njia ya lami kwa wenye watoto wadogo. Mtoto alivaa kofia ngumu, mama akaikaza kamba yake mara 3, wakajaribu breki, akaanza na duara la kijani pamoja na kiongozi wa vijana. Akaanguka kwenye kona ya pili. Mama akaruka kwenda kumwinua, lakini kabla hajafika kijana alikwisha panda tena. Alirudi baada ya saa nzima, mwekundu kuanzia viatu hadi nyusi.

"Mama," akasema huku akihema, "nilikata kona kama alivyonifundisha Baba. Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda!"

Kimya kikaanguka. Neno "Baba" halikuwa limesikika kwa muda mrefu. Mama yake akageukia upande wa ziwa.

Jioni tulipelekwa mwendo mfupi kaskazini ya Crosby, mahali palipokuwa na mgodi wa Milford. Tarehe 5 Februari 1924 maji na matope ya ziwa la jirani yalipasua na kuingia mgodini, na kwa muda wa dakika 20 hivi mgodi ukajaa. Wanaume 41 walikufa, 7 tu wakaokoka. Kijana mmoja, Clinton Harris, angeweza kukimbia, lakini alibaki akivuta kamba ya king'ora ili kuwaonya wenzake. King'ora kiliendelea kulia kwa saa nyingi baada ya yeye kufa, kwa kuwa uzito wa mwili wake uliivuta ile kamba. Fikiria wake zao, mama, waliokuwa majumbani wakikisikia.

Leo ni bustani ya ukumbusho. Shimo halikufichwa, wala halikuzungushiwa ukuta ili watu wasahau. Kuna maji yaliyotulia, miti, na majina ya marehemu yameandikwa. Binti yetu aliyasoma moja moja kwa sauti, majina ya wageni ya nchi mbalimbali. Alipomaliza la mwisho, akaongeza moja ambalo halikuandikwa pale. Kisha akalia, na mwanawe akamshika mkono, nao wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nami nilisimama pembeni nikiwa na aibu. Maana ni mimi niliyemwambia asahau.

Mama mpendwa, tusome tena Yohana sura ya 11. Bwana wetu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na hata hivyo hakumwambia Mariamu ajikaze. Aliuliza alikozikwa, akaenda pamoja nao, akalia. Kama Yeye mwenye uwezo wa kufufua alilia kwanza, sisi tusio na uwezo huo twapata wapi haraka?

Basi ukiwa na mjane jirani yako, usimpe amri ya kusahau. Mtaje marehemu kwa jina lake. Waulize watoto baba yao alipenda nini. Udongo wa moyo wake ukiwa bado umelowa, usipite juu yake na mashauri mengi. Kaa naye, umwoshee vyombo. Naye akiwaficha watoto kwa hofu, usimkemee. Msaidie kutafuta duara la kijani, jambo dogo la kuanzia, na uwe karibu mtoto akianguka.

Na wewe mwenye shimo nyumbani mwako, la kifo au la jambo lingine, halitafukiwa kwa kujikaza. Mungu aweza kulijaza maji matulivu, na njia ikachongwa ukingoni, taratibu, kwa kuzunguka.

Siku ya kuagana nilikuta picha imetundikwa sebuleni: mwanamume anacheka, ameshika kiti cha baiskeli ndogo. Chini yake, sakafuni, kulikuwa na viatu vya mtoto, bado vina udongo mwekundu. Mama yake alisema hataviosha kwanza.